Programu Kubwa ya Watson Sichone

Watson Sichone alikuwa na kibao kilichoandikwa "Watson Digital Studio" muda mrefu kabla hajamiliki kitu chochote cha kidijitali. Kibao kilikuwa cha bati, kimepakwa bluu na njano, kimening'inia juu ya mlango mwembamba kando ya barabara ya kwenda mpakani. Chini yake Watson aliendelea kupiga picha kwa kamera ya filamu aliyoinunua ujanani, akapeleka filamu Mbeya kusafishwa, akarudi na bahasha ya picha ambazo nusu yake watu wamefumba macho. Mteja akiuliza hiyo digital iko wapi, Watson alimtazama kama anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Digital ni akili," alijibu. "Siyo kamera."

Alizaliwa Hasamba kwa wakulima wa kahawa, na jambo la kwanza alilolidharau maishani lilikuwa kahawa. Akamaliza kidato cha nne, akateremka Tunduma, na huko dharau ikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Aliwadharau Wazambia waliovuka kuja kupiga picha kwa sababu walicheka kwa sauti. Aliwadharau wafugaji wa bondeni Kamsamba kwa sababu waliingia na vumbi. Madereva wa malori walikuwa na haraka mno kwake, na wanakwaya hawakuwa na haraka ya kutosha. Alidharau kwa mpangilio, kama mtu anayefagia uwanja bila kuacha kona.

Kona aliyoifagia kila siku ilikuwa ya Ipyana. Ipyana alikuwa mpiga picha wa upande wa pili wa barabara, mtu mnene, mpole, ambaye kibao chake kilikuwa na neno moja tu: PICHA. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Ipyana alinunua kamera ya kidijitali, kompyuta na printa. Hakubadilisha kibao wala kutangaza. Watu wakaanza tu kuvuka barabara, kwa sababu kule mtu alipiga picha, akaiona, na akifumba macho anapigwa nyingine kabla hajainuka kitini.

Watson akavumilia mpaka Pasaka. Baada ya Pasaka akauza shamba la kahawa alilorithi kwa wazazi, akanunua kamera na kompyuta, akamwita Jastin.

Jastin alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya stendi, kijana mwenye subira aliyezoea kuitwa na watu wasiosikiliza. Aliweka sidii tatu mezani, zikiwa na programu tatu za kutengenezea picha, na akaanza kueleza.

"Kaka Watson, hii ya kwanza imekuja ndani ya boksi la kamera yako. Inakata picha, inang'arisha, inaondoa macho mekundu. Basi. Kwa mtu anayeanza inatosha kabisa."

"Nani anaanza?"

Jastin akakohoa. "Hii ya pili inatolewa bure. Ina mambo mengi zaidi, ila inataka ukae nayo uisome."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Maji ya mtoni nayo ni bure. Wewe unayanywa?"

"Sawa kaka. Ya tatu ndiyo hii kubwa. Wanaitumia watu wa magazeti na watu wa matangazo. Lakini nikwambie ukweli, hii ina vitu vya kubonyeza kama mchanga. Mimi mwenyewe navijua vichache tu."

"Wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Mimi siyo wewe."

Jastin akajaribu kwa njia nyingine. "Kwani unataka uifanyie nini hasa? Maana ukiniambia kazi, nakwambia programu. Ni picha za pasipoti? Harusi? Misiba?"

"Jastin, ukienda kununua shati, unamweleza mwenye duka utakwenda nalo wapi?"

"Kama shati ni la harusi, namweleza."

Watson hakulipenda jibu hilo. Akageuka dirishani, akatazama ng'ambo ya barabara. "Yule mwenzetu anatumia ipi?"

"Ipyana? Hii ya kwanza. Ya kwenye boksi."

"Basi tumemaliza. Niwekee kubwa."

Hivyo ndivyo Watson alivyochagua. Hakuifungua hata moja ya zile nyingine. Angechagua mke hivyo, watu wangemkalisha kikao. Lakini programu haina wazazi wa kuuliza maswali, na Jastin alikuwa na wateja wengine wakimngojea.

Programu kubwa ilikawia kufunguka. Kompyuta ilikoroma, skrini ikatulia na picha ya rangirangi, kisha majina ya watu wa Ulaya yakapita, kisha ikatulia tena. Watson alikipenda kipindi hicho kuliko vyote. Kwa maoni yake kitu cha maana lazima kwanza kikuweke benchi, kama ofisi ya mkubwa. Wateja nao walikaa wakingoja, na yeye akawaambia, "Mnaona? Siyo ile ya kubonyeza mara moja ikafunguka kama kopo la soda."

Jastin alijitolea kumfundisha jioni chache. Watson akakataa. Njia yake ya kujifunza ilikuwa kubonyeza. Alibonyeza neno asilolijua, akatazama kilichotokea. Kikitokea kizuri, alisema amekifanya yeye. Kikitokea kibaya, alisema ni umeme. Kwa mtindo huo akafikia kiwango ambacho hakuna mpiga picha mwingine wa Tunduma aliyekifikia: aliweza kumchukua mama muuza mchele aliyekaa kwenye kigoda cha plastiki na kumweka mbele ya chemchemi ya Ulaya, na kigoda kikabaki. Aliwang'arisha watu mpaka wakaonekana wametoka kuugua. Mchungaji mmoja alikuja kupiga picha ya pasipoti, akaondoka akiwa na mawaridi mawili mabegani, na uhamiaji alikopeleka fomu wakamrudisha.

"Hawajui sanaa," Watson alisema.

Na katika kubonyeza ndipo alipogundua kugeuza. Kulikuwa na amri moja ambayo ukiibonyeza, picha nzima inajipindua kama unavyoiona kwenye kioo: aliyetazama kulia anatazama kushoto, aliyesimama mwanzo wa mstari anakuwa mwisho. Watson aliibonyeza kwa bahati, akaona, akaamini kwamba ni uvumbuzi wake. Papo hapo akajitungia sheria: kwenye albamu, watu wa ukurasa wa kushoto watazame kulia, na wa ukurasa wa kulia watazame kushoto, ili wote watazame ndani. Mtu anayetazama nje ya albamu, alisema, anaonekana kama anatafuta njia ya kutoka. Aliisema sheria hiyo kwa wateja kwa sauti ya mtu aliyeisomea chuoni. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa hakuna aliyejali.

Mwezi wa nane akaoza binti.

Binti aliyeolewa alikuwa Faith, mtoto wa marehemu kaka yake. Watson na mkewe walimlea nyumbani kwao Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, tangu akiwa mdogo, na Faith alimwita baba mdogo. Lazima isemwe kwamba Watson alimlea vizuri, kwa kadiri mtu anavyoweza kumlea mtoto huku akimdharau kila rafiki anayemleta nyumbani. Josephat, mchumba, naye alidharauliwa. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kamsamba, mtoto wa Mzee Maduhu, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake miaka ya tisini. "Watu wa ng'ombe," Watson alisema. Ng'ombe wenyewe walipoletwa kwa mahari, hakuwarudisha.

Harusi ilifanyika katika ukumbi mmoja hapo Mpemba. Watson alikuwa mlezi wa bibi harusi na mpiga picha kwa wakati mmoja, jambo lililomfanya atembeze bibi harusi mpaka mlangoni, amwachie shemeji, akimbie mbele kupiga picha, kisha arudi kushika mkono. Nyuma ya meza kuu kulikuwa na kitambaa cheupe chenye maandishi ya karatasi inayong'aa: JOSEPHAT NA FAITH. Ulipofika wakati wa keki, Faith, Josephat akiwa kando yake, alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, Mama Josephat, akampa kipande kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha kulia, kama alivyofundishwa. Mama Josephat akafungua mdomo. Watson akapiga.

Ilikuwa picha nzuri. Hata mtu asiyempenda Watson angekubali.

Akaipeleka kwenye programu kubwa. Picha ilipangiwa ukurasa wa kushoto, na Faith alitazama kushoto, yaani nje. Sheria ni sheria. Watson akaigeuza. Bibi harusi akatazama ndani, kila kitu kikakaa sawa, isipokuwa maandishi ya ukutani, ambayo sasa yalisomeka kinyumenyume kama maandishi ya wachawi. Mtu mwingine hapo angesimama akajiuliza. Watson alichukia tu. Alidhani programu imeharibu herufi, kwa umeme. Akachukua maua yaliyokuja na programu, akayapanga juu ya maandishi, waridi kwa waridi, mpaka ukuta wote ukawa bustani. Kisha akahifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, kwa jina lile lile, kwa sababu hakujua kwamba kuna njia nyingine. Kadi ya kamera akaifuta ili apate nafasi ya kupiga kwaya.

Albamu ikaenda Kamsamba ikiwa imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Kule ikapokelewa kwa heshima. Mama Josephat alikuwa akiwatolea wageni, akifungua mwenyewe kila ukurasa. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyeona kitu. Kisha akaja dada yake Mzee Maduhu, Shangazi Jenista, mwanamke ambaye macho yake yalikuwa yamekwishavunja uchumba zaidi ya mmoja. Akaitazama ile picha ya keki, akainua albamu karibu na uso, akaishusha.

"Wifi," alisema, "huyu mkwe wako amekulisha kwa kushoto."

Basi ikawa hivyo. Mama Josephat akatazama, akaona mkono wa kushoto umebeba keki, na wa kulia, ule wa heshima, umeshika kiwiko kama mtumishi. Akaulizwa kama siku ile aliona. Akasema ukweli wake: siku ile alitazama keki, hakutazama mkono. Picha ilikuwa imetazama kwa niaba yake. Na si kwamba wakwe wamemtukana tu. Wamelitengeneza tusi lenyewe, wakalizungushia waridi, wakalifunga kwa karatasi ya zawadi, wakamletea.

Mama Josephat hakupiga kelele. Aliacha tu kula chakula cha Faith. Faith, ambaye tayari alikuwa mjamzito, alipika, akaandaa, akapiga magoti; sufuria ikakaa imefunikwa mpaka ikapoa. Mama Josephat akajipikia uji wake pembeni. Na akasema mbele ya watu, kwa upole, kwamba mtoto atakayezaliwa hatapokelewa kwa mikono yake mpaka jambo hilo lielezwe. Kwa mwali aliyehamia ugenini bondeni, hakuna hukumu nzito kuliko hiyo. Mama mkwe asiyekula chakula chako hajakufukuza, lakini kila anayepita anaiona sufuria.

Faith alikuja Mpemba na Josephat, amevimba miguu. Mkewe Watson alitaka apumzike, lakini Faith akaenda moja kwa moja Tunduma, studio.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Baba mdogo, nilimpa mama keki kwa mkono gani?"

Watson alikuwa amekwishapata habari, maana Tunduma habari huvuka hata mpaka. Akawasha kompyuta. Wakaingoja programu kubwa, yeye kwa fahari, wao kwa kuchoka. Picha ikatokea. Mkono wa kushoto.

"Kushoto," Watson alisema.

"Nilitoa kwa kulia."

"Mwanangu, mashine haina sababu ya kusema uongo."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayo?"

"Sijasema hivyo. Siku ya harusi mtu anachanganyikiwa. Watu wengi, joto..."

Josephat, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Watson siku zote alidhani ni kwa kukosa maneno. Akaweka kidole kwenye skrini, juu ya mkono wake mwenyewe ndani ya picha.

"Baba, hii pete yangu iko mkono gani?"

Watson akatazama. Pete ilikuwa mkono wa kulia. Akaitazama mikono ya Josephat mwenyewe aliyesimama pale: pete ilikuwa kushoto, mahali ilipovishwa na mchungaji mbele ya watu wote. Mtu aliyekuwa karibu angeweza kumwona Watson akielewa. Ilianzia kwenye masikio.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea kwa heshima. Maneno yenyewe ni machache: nimekosea, niligeuza picha. Watson hakuutumia. Aliona Jastin atakavyocheka nyuma ya stendi. Akamwona Ipyana, aliye mpole, hatacheka, na hilo likamuuma zaidi. Akafunga programu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Wale ni watu wa kale. Ukianza kuwaeleza mambo ya kompyuta utawachanganya. Mwombe tu mama mkwe radhi, yaishe."

Faith alimtazama. Alikuwa amekua akimwona akiwadharau watu wa mbali, na pengine mpaka siku hiyo hakujua kwamba kuna siku zamu yake ingefika.

"Niombe radhi kwa mkono ambao sikuutoa," alisema. "Halafu mwanangu akizaliwa, wamwambie kwamba mama yake alikiri."

"Ni maneno tu."

"Basi yaseme wewe, baba mdogo. Jumapili wanatusubiri Kamsamba."

Akaenda. Watson aliwafuata Jumapili kwa sababu mkewe alimwambia kwamba asipoenda yeye, ataenda yeye mkewe na kompyuta kichwani.

Bondeni Kamsamba kuna joto ambalo mtu wa Tunduma hulichukulia kama kosa la wenyeji. Watson aliketi kwenye boma la Mzee Maduhu amevaa koti la suti. Walikuwepo Mzee Maduhu, Mama Josephat, Shangazi Jenista, na watu wazima wachache wa ukoo. Faith alikaa chini, kwenye mkeka, na Josephat nyuma yake. Albamu ilikuwa mezani. Watson akasimama akaanza kuzungumza, na alizungumza kwa muda mrefu. Alizungumza juu ya teknolojia. Akasema dunia imebadilika. Akataja maneno ya Kiingereza ya programu kubwa, yale anayoyajua na yale asiyoyajua, akihesabu kwamba wasikilizaji watachoka kabla yeye hajafika kwenye jambo lenyewe.

Mzee Maduhu akamwacha amalize. "Mkwe, umesema vizuri. Sasa keki ilitolewa kwa mkono gani?"

"Kwa kulia, mzee. Ila kutokana na programu..."

"Programu ndiyo nani?"

"Ni chombo cha ndani ya kompyuta."

"Ana wazee wake? Tuwaite."

Watu wakacheka, siyo kwa sauti kubwa. Watson akafuta jasho, akataja pete. Shangazi Jenista akasema pete ni chuma, mtu anaweza kuivaa hata puani. Hapo Mzee Maduhu akaivuta albamu, akaitazama picha kwa makini, mara ya kwanza tangu iletwe, maana alikuwa mtu wa kutazama mifugo kuliko karatasi.

"Huyu mama wa hapa," alisema, "kovu lake la nyusi liko kulia. Huyu wangu aliangukia jiwe akiwa binti, akaumia kushoto. Nimeishi naye mpaka nimezeeka, sijaona likihama."

Wote wakamgeukia Mama Josephat. Kweli, kovu lilikuwa juu ya jicho la kushoto, dogo, limepauka. Lakini yeye mwenyewe hakukubali. Picha ile aliipenda. Alisema katika picha zote alizowahi kupigwa, ni hiyo moja tu aliyojitambua. Nyingine zote sura yake ilikuwa kama imepinda.

"Kila asubuhi najitazama kwenye kioo," alisema, "na kovu nalikuta upande huu wa kioo. Hapa kwenye picha nalo liko upande huu huu. Mnataka kuniambia sijui uso wangu?"

Watson angeweza kunyamaza. Mama mkwe alikuwa anaitetea picha yake kuliko alivyoitetea yeye. Lakini Faith aliinua kichwa pale mkekani, akamtazama, na safari hii hakutazama kama mtoto anayeomba. Alitazama kama mteja aliyekwisha kuamua kuvuka barabara.

"Mama," Watson alisema, "kioo kinageuza. Na mimi niligeuza. Ndiyo maana picha na kioo vinafanana."

"Uligeuza nini?"

"Picha. Nilitaka Faith atazame ndani ya albamu."

"Ndani kuna nini?" aliuliza Mama Josephat.

Watson akavuta kola ya koti. Shangazi Jenista alikuwa ameinama juu ya ukurasa.

"Pale nyuma palikuwa na maandishi," alisema. "Nakumbuka, yaling'aa. Yako wapi?"

"Niliyafunika kwa maua."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa yamegeuka."

"Ahaa. Kwa hiyo uliona kwamba yamegeuka."

"Niliona."

"Ukaona herufi zimegeuka, ukazifunika. Mikono imegeuka, ukaiacha."

Hakuna aliyecheka safari hiyo, na ingekuwa nafuu kama wangecheka. Watson alisimama katikati ya boma na koti lake. Watu aliowaita watu wa ng'ombe walimtazama kwa subira, kama wanavyomtazama mnyama aliyenunuliwa vibaya mnadani, ambaye hakuna la kufanya ila kumpa maji. Mzee Maduhu akauliza, kwa adabu, kama picha ya kwanza, isiyogeuzwa, inaweza kuletwa. Watson akasema haipo tena. Akaulizwa ilikwenda wapi. Akasema alihifadhi hii juu yake.

"Basi ipigwe upya," Mama Josephat alisema.

"Mama, harusi imekwishapita."

"Mimi sijapita. Mkwe wangu hajapita. Keki inauzwa. Ipigwe upya, hapa, na mkono uonekane." Akafikiri kidogo. "Na asipige huyu. Tunduma hakuna mwingine?"

"Yupo," Josephat alisema. "Upande wa pili wa barabara."

Ipyana alikuja Jumamosi iliyofuata kwa basi la asubuhi, na kamera yake kwenye mfuko wa plastiki wa rambo. Faith alivaa tena shela. Mgongoni halikufunga, likashikiliwa kwa pini za nepi walizomnunulia mtoto. Josephat alivaa suti yake. Keki ilikuwa ndogo, imetoka Tunduma na imelegea njiani. Jua lilikuwa kali upande mmoja, kwa hiyo Ipyana akaomba mtu wa kushika shuka jeupe, lirudishe mwanga usoni mwa Mama Josephat. Shangazi Jenista akamnyooshea kidole Watson bila kusema. Watson akavua koti, akashika shuka.

"Liinue kidogo, kaka," Ipyana alisema. "Hapo. Ahsante."

Watson akaliinua. Baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye shuka, "Hii utaitengeneza kwa programu gani?"

"Ile ya kwenye boksi."

"Ile inafanya nini?"

"Inakata pembeni, halafu unachapa. Hii sitakata."

Faith akapiga magoti kwa shida, Josephat akimshika bega. Akachukua kipande kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka kwenye kiwiko. Mama Josephat hakufungua mdomo mara moja. Safari hii aliutazama mkono kwanza. Akaugusa kwa kidole, akamgeukia Ipyana.

"Ni huu. Umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Piga."

Ipyana akapiga, akamwonyesha nyuma ya kamera. Mama Josephat akalalamika kwamba sura imepinda, kisha akasema mkono uko sawa, iachwe hivyo hivyo. Watu wakatawanyika kivulini. Faith akabadilisha nguo, akaingia jikoni, akatoka na wali na mchuzi wa kuku, akaandaa mbele ya mama mkwe wake, akasubiri akiwa amepiga magoti.

Mama Josephat akafunua sufuria. Akajipakulia, akala tonge, akala la pili.

"Chumvi imezidi," alisema, akaongeza mchuzi.

Faith akasema atapunguza kesho. Uani, Watson alikuwa bado amesimama juani ameinua lile shuka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia alishushe.